Chaki ya Kabete, Chaki ya Mandera

Barabara ya juu inayotoka Mlolongo hushuka ardhini pale Barabara ya James Gichuru inapokutana na Barabara ya Waiyaki, magharibi mwa Nairobi. Tangu ilipofunguliwa mwaka wa 2022, jina la Gichuru limekuwa midomoni mwa madereva na makanga kutwa kucha. Wachache kati ya wanaolitaja wanajua kwamba mwenye jina alikuwa mwalimu. James Gichuru alifundisha Alliance High School, kule Kikuyu, katika miaka ya 1930, kisha akaweka chaki chini. Akawa rais wa chama cha KAU, akamwachia Jomo Kenyatta kiti hicho mwaka wa 1947, akawekewa vizuizi na wakoloni wakati wa Hali ya Hatari, na Kenya ilipojipatia uhuru akawa Waziri wa Fedha. Mfuko uliolipa walimu ukawa mikononi mwa mtu aliyewahi kuwa mmoja wao.

Hakuondoka peke yake. Eliud Mathu, naye wa Alliance, aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka wa 1944, akawa Mwafrika wa kwanza kuketi humo. Jaramogi Oginga Odinga alifundisha Maseno kabla ya kuingia katika biashara na siasa. Ronald Ngala alikuwa mwalimu mkuu Mombasa. Daniel arap Moi alifundisha Tambach na Kapsabet, na mwaka wa 1955 naye akaingia Baraza. Ukiwapanga waasisi wa taifa hili mstari mmoja, utadhani ni picha ya walimu wa shule moja waliotoka kwenda mapumziko wasirudi darasani.

Siwalaumu. Kazi waliyoiendea ilikuwa kubwa na wengi wao waliilipia kwa jela na kizuizini. Lakini orodha hiyo hunifanya niione historia ya walimu wa Kenya kama historia ya watu walio safarini. Kila linapozuka suala la mwalimu, husemwa habari ya mshahara, au husemwa habari ya wito, na watu wakagawanyika hapo. Mimi nauliza jambo lililo wazi zaidi: mwalimu anaishi wapi, analala na nani, anaamka na hofu gani? Maana nchi hii ilifaulu zamani kuwalipa walimu wake kwa kipimo kimoja, na jambo hilo lilipiganiwa kwa jasho. Haikufaulu kuyafanya maisha yao yawe ya kipimo kimoja, na badala ya kulishughulikia hilo imezoea kuwashikilia kwa barua na amri.

Ukitaka kuisoma historia hiyo bila kusafiri mbali, panda matatu ya Uthiru ushuke Mountain View. Ni wadi ya eneo bunge la Westlands, na ni mtaa wa mageti na maua, ulioshonwa bega kwa bega na Kangemi, ambako vyumba vya mabati na magorofa membamba yamebanana hadi bondeni. Dakika chache kwa gari zitakufikisha Lower Kabete, palipo na Chuo cha Serikali cha Kenya kinachofunza watumishi wa umma. Kabla ya kuwa chuo cha watumishi, pale palikuwa na shule ya walimu.

Mwaka wa 1924 tume iliyotumwa na Hazina ya Phelps-Stokes ya Marekani ilizuru Afrika Mashariki kuchunguza elimu ya Waafrika. Mmoja wa wajumbe wake alikuwa James Aggrey, msomi mzaliwa wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Mwaka uliofuata, serikali ya kikoloni, kwa msaada wa fedha za Shirika la Carnegie, ilifungua Jeanes School pale Kabete. Jina lilitoka kwa Anna Jeanes wa Philadelphia, mwanamke wa kanisa la Marafiki aliyetoa mali yake isaidie shule za watu weusi vijijini, kusini mwa Marekani. Kule, mwalimu wa Jeanes alizunguka kutoka shule hadi shule, akiwatia nguvu walimu wenzake waliokuwa peke yao mashambani. Wakoloni wa Kenya waliupenda mpango huo na kuuleta hapa.

Misheni zilichagua walimu wao, wengi wakiwa watu wazima wenye familia, zikawapeleka Kabete. Nao hawakwenda peke yao. Walikwenda na wake zao na watoto wao, wakapewa nyumba ya kuishi, wakakaa miaka miwili. Mume alijifunza kufundisha, kusimamia shule ndogo, kilimo, usafi na useremala. Mke naye alikuwa na masomo yake, ya malezi na afya ya watoto. Mafunzo yalipokwisha walirudi pamoja katika sehemu walizotoka, na mwalimu akaanza mizunguko yake katika shule za vichochoro vya vijijini.

Sitaupamba mpango huo. Nia ya walioubuni ilikuwa kumpa Mwafrika elimu ya kumweka kijijini, asije akadai cheo cha mjini wala kiti cha serikali, na wazazi wa Kikuyu waliliona hilo mapema. Ndiyo maana miaka michache baadaye wakajenga shule zao huru. Hata hivyo Kabete ilikuwa na jambo moja ambalo sijaliona likirudiwa kwa uzito ule tangu wakati huo. Aliyeupanga mpango ule alijua kwamba mwalimu ana mke, ana watoto, anahitaji paa, na kwamba ukimtuma mahali peke yake umetuma nusu ya mtu.

Kando ya Barabara ya Waiyaki palikuwa na shule nyingine iliyolijua hilo vizuri, ila kwa watu wengine. Prince of Wales School, iliyofunguliwa mwaka wa 1931 kwa ajili ya wavulana wa Kizungu na kuchorwa na msanifu Herbert Baker, ilikuwa na nyumba za walimu ndani ya eneo lake. Leo ndiyo Nairobi School. Mwalimu wa pale alitoka mlangoni kwake akatembea kwenye nyasi hadi darasani. Mwalimu Mwafrika wa misheni alilipwa sehemu ndogo ya mshahara huo na kujitafutia pa kulala. Haikuwa bahati mbaya, ilikuwa kanuni iliyoandikwa. Tume ya Holmes ya mwaka wa 1948 bado ilitetea hesabu ya tatu kwa tano katika utumishi wa serikali: asiye Mzungu alipwe sehemu tatu kati ya tano za mshahara wa Mzungu kwa kazi ileile. Ilibidi ingojewe Tume ya Lidbury, mwaka wa 1954, ndipo vipimo vya rangi vikaondolewa kwenye karatasi.

Walimu Waafrika walikuwa na shida nyingine juu ya ile ya rangi. Hawakuwa na mwajiri mmoja. Huyu aliajiriwa na Wakatoliki, yule na Waanglikana, mwingine na halmashauri ya elimu ya wilaya. Walimu wawili waliosoma chuo kimoja, wakafuzu siku moja, waliweza kutenganishwa na mto tu na bado wakawa na masharti tofauti ya likizo, ya uhamisho na ya malipo ya uzeeni. Aliyegombana na padri alipoteza kazi na nyumba kwa pamoja. Hali hiyo ndiyo iliyokizaa chama cha walimu, KNUT, mwezi wa Desemba 1957, na dai lake kubwa la miaka ya mwanzo halikuwa nyongeza. Lilikuwa mwajiri mmoja.

Uhuru haukulitimiza dai hilo mara moja. Shule za msingi zilitiwa mikononi mwa mabaraza ya kaunti, na mengi hayakuwa na fedha. Katika wilaya zenye kahawa na chai mwalimu alilipwa. Katika wilaya kavu alingoja mwisho wa mwezi ukapita, na wa pili ukapita. Hapo ndipo mtu anapoona wazi jinsi mahali panavyoweza kumla mwalimu. Migomo ikafuatana katikati ya miaka ya 1960. Mwaka wa 1967 Bunge likapitisha sheria iliyounda Tume ya Huduma za Walimu, ambayo sote twaiita TSC, na walimu wa shule za umma wakawa watumishi wa mwajiri mmoja, kwa kipimo kimoja cha mshahara, kutoka Lamu hadi Busia. Waziri wa Fedha wakati huo alikuwa James Gichuru.

Naomba msomaji asilipite jambo hili haraka. Kijana anayeanza kazi leo huiona TSC kama ofisi ya foleni na barua za kuchelewa. Babu yake aliiona kama ukombozi. Kwa mara ya kwanza mwalimu wa Lodwar na mwalimu wa Kangemi waliandikwa katika daftari moja, na mshahara wa mmoja haukutegemea tena kama mvua ilinyesha wilayani kwake.

Miaka ya 1970 na 1980 nitaipitia mbiombio. Karo ya madarasa ya chini iliondolewa kuanzia mwaka wa 1974, watoto wakafurika, na serikali ikaziba mianya kwa walimu ambao hawakusomea kazi hiyo, wale tuliowaita UT. Mwaka wa 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4 na masomo mapya juu ya masomo. Mishahara ikawa inaliwa na bei za madukani polepole, kama ukuta wa udongo unavyoliwa na mchwa. Walimu na wahadhiri waliokuwa na shahada walianza kuangalia kusini, Botswana hasa, na baadhi yao wakaenda wasirudi.

Ndipo ukaja Oktoba wa mwaka wa 1997. Ambrose Adeya Adongo alikuwa amekiongoza KNUT kwa muda mrefu kama katibu mkuu, mtu wa sauti nzito na maneno machache, na alichagua vizuri wakati wa kuitisha mgomo. Uchaguzi mkuu ulikuwa Desemba. Shirika la Fedha Duniani lilikuwa limekwisha kusimamisha mkopo wake kwa Kenya mwezi wa Julai. Rais Moi, mwalimu wa Tambach wa zamani, hakuweza kwenda kwa wapiga kura huku madarasa ya nchi nzima yamefungwa. Baada ya siku zisizozidi wiki mbili serikali ilitia saini: nyongeza ya kati ya asilimia 150 na 200, ilipwe kwa awamu katika miaka mitano. Walimu waliingia barabarani wakiimba. Katika maduka ya Kangemi, waliokuwa na madeni ya unga na mafuta ya taa waliaminiwa upya.

Awamu ya kwanza ililipwa. Uchaguzi ukapita. Mwaka wa 1998 serikali ikasema haina fedha, walimu wakagoma tena mwezi wa Oktoba, na mara hii wakarudi mikono mitupu. Adongo alifariki mwaka wa 2001 deni halijalipwa. Serikali ya Mwai Kibaki ilipoingia ilikubali kuimaliza nyongeza hiyo, lakini kwa miaka kumi, na mabishano juu ya marupurupu yaliyoahidiwa mwaka ule yalizua mgomo mwingine mwaka wa 2013, miaka 16 baada ya saini kukauka. Kuna walimu waliostaafu wakiwa wanaingoja.

Lililofuata 1998 halikutangazwa kwa ngoma, lakini ndilo lililobadilisha ramani. Serikali ilisimamisha kuajiri walimu wapya. Baadaye ikaruhusu kujaza tu nafasi za walioondoka, yaani waliokufa, waliostaafu au walioacha. Vyuo viliendelea kutoa wahitimu kila mwaka, nao wakaanza kupanga foleni ambayo hadi leo haijaisha. Kisha Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bure, na idadi ya wanafunzi ikaruka kutoka takribani milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika mwaka mmoja. Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi watoto waliokuwa hawajawahi kukanyaga shule walikuja wakiwa na miaka kumi na zaidi. Chumba kilichojengwa kwa watoto 40 kikawaweka wengi kupita kiasi, na mwalimu alikuwa yuleyule.

Kuanzia mwaka wa 2001 TSC pia ilibadili namna ya kuajiri. Badala ya kumpanga mhitimu kokote, nafasi ilitangazwa pale shule ilipopungukiwa, mtu akaomba shule hiyo, na akakubali kukaa hapo miaka mitano kabla ya kuomba uhamisho. Nia ilikuwa njema: sehemu kavu zipate walimu na wabaki nao. Lakini walimu ni watu wa hesabu. Wengi waliomba shule za mbali kwa sababu foleni ya kwao ilikuwa ndefu, wakahesabu miezi 60, na wa 61 wakapeleka ombi la kuondoka. Wengine waliolewa au kuoa katikati ya muda huo, na ombi la kumfuata mwenzi likawa mlango wa kuingilia mijini, Nairobi kwanza.

Na Nairobi yenyewe? Hapa niseme niliyoyaona. Kwa miaka kadhaa nilipakana mlango na mwalimu mmoja wa shule ya msingi ya umma, mzaliwa wa magharibi mwa nchi. Siku moja alinionyesha simu yake. Pesilipu za walimu siku hizi husomwa kwenye simu. Alikuwa daraja la B5, la chini kabisa kwa mwalimu wa msingi. Katika mkataba wa mishahara wa 2017 hadi 2021 mshahara wa daraja hilo ulianzia shilingi 21,756 kwa mwezi. Chini yake palikuwa na marupurupu ya nyumba, 6,750, ambayo yalikuwa ya kundi la juu kabisa kwa kuwa Nairobi ndiyo mji ghali kupita yote.

“Hebu niambie, jirani,” alisema, akiusogeza mstari huo kwa kidole, “hii nyumba ya elfu sita iko Mountain View upande gani?”

Hakukuwa na upande. Alikuwa amepanga chumba kimoja Kangemi, bafu la nje, na kila alfajiri alipita nyuma ya kuta za Mountain View akienda kazini. Chini ya mstari wa nyumba palikuwa na kodi, bima ya afya, ada ya chama, na mkopo wa sacco aliochukua kumsomesha ndugu yake. Kilichobaki hakikufika katikati ya mwezi. Jioni alifundisha watoto wa majirani kwa malipo kidogo, na Jumamosi alikuwa kwenye kibanda cha dada yake sokoni. Mwenziwe wa daraja lilelile, aliyefundisha shule iliyo karibu na shamba la wazazi wake huko nyumbani, alipokea marupurupu madogo zaidi, lakini hakununua mboga, hakununua maziwa, na hakulipa kodi ya nyumba. Kwenye karatasi, jirani yangu ndiye aliyekuwa na pesa nyingi.

Ndani ya mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka mlangoni kwake kuna aina tatu za walimu. Wapo wa umma kama yeye. Wapo wa shule za binafsi zenye mabasi ya rangi na karo za juu, ambazo huwachukua walimu wa umma walio hodari, hasa wa hesabu na sayansi. Na wapo wa shule za mtaani, zilizojengwa kwa mabati katikati ya vyumba vya kupanga, ambako mwalimu hulipwa mzazi anapolipa. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, mwalimu wa umma aliendelea kupata mshahara wake. Wa binafsi wengi walipunguziwa au kukatiwa kabisa. Wa shule za mtaani waliamka asubuhi moja hawana kitu, na wakaingia kuuza sukumawiki, barakoa, mitumba. Masomo yaliporejea kikamilifu Januari 2021, baadhi ya shule hizo zilikuwa zimegeuzwa vyumba vya kupanga, na baadhi ya walimu walikuwa wameona kwamba genge la mboga huwaletea pesa kila siku. Hawakurudi.

Kaskazini mashariki, mambo yalikuwa ya uzito mwingine kabisa. Huko serikali hulipa marupurupu ya mazingira magumu, na kwa miongo walimu wa kutoka bara waliyapokea na kukubali joto, umbali na maji ya chumvi. Wengi walizoea, wakajifunza Kisomali cha sokoni, wakalea watoto huko. Asubuhi ya Novemba 22, 2014, basi lililokuwa likitoka Mandera kwenda Nairobi lilitekwa na wapiganaji wa al-Shabaab. Shule zilikuwa zimefungwa na walimu walikuwa wakienda nyumbani kwa Krismasi. Abiria wasio Waislamu walitengwa, na watu 28 wakauawa. Zaidi ya nusu yao walikuwa walimu.

Januari ilipofika, mamia waliobaki walikataa kurudi. Walikuja Nairobi, wakapiga kambi nje ya ofisi za TSC pale Upper Hill, wakidai kuhamishwa. Waliambiwa warudi kazini au wapoteze kazi. Nakumbuka picha zao magazetini: watu wazima wenye tai, wamekaa chini kando ya ukuta, mabegi ya nguo magotini. Hapo hesabu yote ya marupurupu ilikuwa imevunjika. Hakuna mstari kwenye pesilipu unaoweza kuandikwa kwa ajili ya basi lile.

Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2015, basi jingine lilishambuliwa katika kaunti hiyohiyo, likielekea Mandera. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na wenzao. Mmoja wa waliopigwa risasi alikuwa Salah Farah, naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi mjini Mandera. Alifariki Nairobi akitibiwa, Januari 2016, na serikali ikamtunuku nishani baada ya kifo. Mimi humtaja mara nyingi mtu anaponiambia kwamba walimu wa siku hizi wanajali mshahara tu.

Walimu watatu walipouawa Kamuthe, kaunti ya Garissa, Januari 2020, TSC ilianza kuwaondoa walimu wasio wenyeji. Ilikuwa haki kwao. Lakini wazazi wa Garissa, Wajir na Mandera waliandamana, kwa sababu shule za sekondari zilibaki na walimu wa kuhesabika kwa vidole, na vijana waliomaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia wakawa ndio wanaoshika chaki mbele ya wadogo zao.

Katika miaka hiyohiyo, mwajiri alikuwa akiwahamisha walimu wengine kwa sababu tofauti kabisa. Kuanzia mwaka wa 2018 walimu wakuu na wengine walipelekwa nje ya kaunti zao za kuzaliwa, ili, ilisemwa, wajenge umoja wa kitaifa na kuondoa mazoea. Mume akaenda Kitui, mke akabaki Nyeri, watoto kwa bibi. Sera hiyo ilikuja kuwa suala la kampeni, na baada ya uchaguzi wa 2022 ikaachwa, waliotaka wakaanza kurudishwa. Naamini kabisa katika umoja wa taifa, na najua thamani ya mtoto wa Siaya kufundishwa na mwalimu wa Meru. Lakini ninapoifikiria sera ile nazikumbuka zile nyumba za Kabete za mwaka wa 1925. Hata mkoloni hakumtenga mwalimu na mkewe.

Migogoro ya mshahara iliendelea sambamba. Mwaka wa 2015 mahakama iliwapa walimu nyongeza ya asilimia 50 hadi 60. Serikali ikasema haiwezi kulipa, walimu wakagoma kwa wiki tano, shule zikafungwa, na Novemba Mahakama ya Rufaa ikaifuta hukumu hiyo. Mwaka uliofuata ukaja mkataba wa shilingi bilioni 54, wa 2017 hadi 2021, ndio uliotoa zile 21,756 za jirani yangu. Uliofuata, uliotiwa saini Julai 2021, haukuwa na shilingi hata moja ya nyongeza. Ulirefusha likizo ya uzazi kutoka siku 90 hadi 120, jambo jema. Wakati huohuo, tangu Januari 2021, walimu walio chini ya miaka 45 walikuwa wameanza kukatwa mchango wa pensheni: asilimia 2 mwaka wa kwanza, 5 wa pili, 7.5 wa tatu. Kwa hiyo mshahara ulisimama na kilichofika mkononi kikashuka, mpaka nyongeza ndogo ilipopatikana Agosti 2023.

Mwaka huohuo wa 2023, Sekondari Msingi zilipoanzishwa, maelfu ya wahitimu walichukuliwa kama wanagenzi. Mwenye shahada alipewa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, bila marupurupu ya nyumba, awe Turkana au awe Kangemi. Alifundisha vipindi vilevile vya mwalimu kamili, mara nyingi masomo ambayo hakuyasomea. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira ilisema mpango huo hauna msingi wa kisheria. Mei wanagenzi wakaandamana katikati ya jiji. Na Januari 2025 wapatao 46,000 wakapewa ajira ya kudumu. Wapo ambao hawakufika siku hiyo. Walikwisha kwenda Ghuba, au kurudi shambani, au kupanda bodaboda.

Jirani yangu alipata uhamisho wake mwaka jana, karibu na nyumbani kwao. Alikuwa ameomba mara nne. Siku ya kuondoka nilimsaidia kubeba vitu hadi barabarani, pikapu ikiwa imesimama kando ya ukuta wa Mountain View kwa sababu haikuweza kuingia kichochoroni: godoro, sufuria zilizotiwa moja ndani ya nyingine, jiko la gesi, na katoni mbili za vitabu vya wanafunzi ambavyo hakuwahi kumaliza kusahihisha. Hizo katoni hakuzipakia. Alinikabidhi, akaniomba nizifikishe shuleni Jumatatu.

“Mpe naibu,” aliniambia. “Mwalimu wa kunirithi hajapatikana. Huyo naibu atalishika darasa kwa sasa, na la kwake pia.”

Jumatatu nilizipeleka. Naibu mwalimu mkuu alizipokea mlangoni, akazitazama, akaziweka juu ya meza iliyokuwa na katoni nyingine tatu.